Siku Mwanaima Alipoitoa Nyumba Nje

Mwanaima wa Bodo alipenda nafasi. Nyumba ikizidi mkeka, mtungi na taa, alisema inamkaba roho. Mumewe Matano, masikini, aliumbwa vingine: debe lenye tundu, kasia nusu, kiti cha miguu mitatu, vyote alivibeba nyumbani akiapa kwamba vitafaa. Miaka ishirini walizozana hivyo, na walipendana.

Mwaka 1954 ikaja habari njema. Ijumaa baada ya swala, Mzee Chirau wa Jego angekuja kumposea mwanawe binti yao, Mbeyu. Kijana alikuwa anarudi kazini Tanga Jumatatu; posa isipopokewa siku hiyo, nani ajuaye angerudi lini? Mbeyu alimtaka hasa, hata chakula hakikumpita kooni.

Ijumaa asubuhi Mwanaima alijifunga kibwebwe. Akatoa vitanda, viti, masanduku na makorokoro yote, akayapanga kando ya mlango. Ndani akatandika mikeka, ukuta hadi ukuta. Matano alipokosa pa kukaa akaenda zake kunywa kahawa.

Wageni walikuja kwa vigelegele. Walipoona vitanda nje na mikeka ndani, vigelegele vikakatika.

"Makiwa, Bi Mwanaima," alisema Mzee Chirau kwa upole. "Hatukuwa na habari. Marehemu ni nani?"

Mwanaima akapigwa na butwaa. Kumbe ameitayarisha nyumba kama ya matanga, na wala halikumpitia akilini!

"Hakufa mtu, mzee wangu!"

"Matano yuko wapi?"

"Hayupo."

Shangazi wa kijana akaangua kilio. Mzee Chirau akasema posa haizungumzwi penye msiba, watarudi baada ya arobaini. Wakageuka.

Mwanaima akasahau haya ya ukwe. Akawatangulia njiani, akatanua mikono. "Hampiti! Ngojeni muone nyumba ya walio hai!" Akashika kitanda akakikokota ndani peke yake, kisha viti, kisha madebe, jasho likimtiririka. Mzee Chirau alimtazama, akacheka mpaka akashika mbavu, akaenda kumsaidia kubeba sanduku.

Matano aliporudi aliwakuta wakwe wamebanana juu ya vitu vyake, na posa imeshapokewa. Shangazi alimpapasa bega kwanza, ndipo akamwamkia.

Ikabaki kauli ya binti. Shangazi akaingia chumbani kumuuliza, akatoka akitabasamu.

"Amekubali. Ila anasema nyumba yake ataipanga mwenyewe, na wazazi wake wote wawili wasimsaidie."

Mwanaima na Matano wakanuna pamoja.