Bega la Pili

Mimi ni fundi cherehani wa kambi ya wanamaji, na mdomo wangu hauna breki. Chumba changu kiko nyuma ya bohari ya sare: cherehani mbili, moja mbovu, pasi, na kioo kirefu ambacho maofisa hujitazama wakidhani sioni wanavyovuta tumbo ndani. Bodi ikishaamua nani anapanda cheo na majina yakasomwa, siku ileile wananijia na mashati. Na kila mmoja namuuliza swali moja: bega la pili la nani?

Maana desturi ya hapa ndiyo hiyo. Siku ya kuvishwa vyeo, mkuu wa kambi huvisha bega la kulia, na la kushoto huvishwa na mtu wako wa nyumbani: mama, mke, mume, mtoto. Cheo, yaani kile kitambaa chenye alama, kinapitishwa kwenye utepe wa begani, kisha utepe unafungwa kwa kifungo. Akiwa ni bibi mwenye vidole vinavyotetemeka, tundu la kifungo nalilegeza. Akiwa kijana nalibana, bega likae vizuri. Sijawahi kuaibisha mtu.

Sasa huyu ninayetaka kumsema alikuwa luteni kamanda ambaye wenzake walimwita Nanga, kwa jinsi cheo chake kilivyozama mahali pamoja. Mtu mpole, mpole hadi anakera. Kwao ni bara kabisa. Kwenye usaili wa kuchagua maofisa wanafunzi waliulizwa kwa nini wanaitaka bahari; wenzake wakamwaga hotuba, yeye akasema, "Kwa sababu sijawahi kuiona." Wakubwa walicheka, wakamchukua. Kuogelea alijifunzia chuoni na sare mwilini, na maji aliyoyanywa anayajua mwenyewe.

Ngazi za chini alipanda bila shida. Huko ukifaulu mitihani ya kushika zamu melini, na nahodha wako akakuandikia vizuri, unasogea. Kazi iko juu. Huko nafasi haitoki mpaka mtu astaafu, na bodi inakaa wewe haupo, inasoma tu yaliyoandikwa juu yako. Mara ya kwanza walimruka kwa sababu siku zake za baharini hazikutosha. Alikuwa ameomba kazi ya nchi kavu, binti yake akiwa bado mchanga. Basi akaenda kuzitafuta hizo siku. Akishuka meli hii ya doria, anapanda ile. Siku zikatosha, lakini mke akachoka kuishi na simu isiyopatikana, akamchukua mtoto wakahamia mji mwingine. Bodi ikakaa tena, ikasema safi sana, ila hajasoma chuo cha makamanda. Jamani! Nilitamani niingie mle ndani na mkasi.

Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukirukwa hapo, umri wako kwa cheo hicho umepita, unafungasha unarudi uraiani. Nanga akaenda akakisoma chuo hicho, na safari hii bodi ikampitisha. Akaniletea shati lake amelikunja vizuri, peke yake, wakati wenzake walikuja kwa makundi wakipigana mabega.

"Hongera, Kamanda! Haya, bega la pili la nani?"

"La binti yangu," akasema. "Akija."

"Akija ndiyo nini?"

"Nimempigia. Kasema ataona."

Akaniuliza kama msichana wa chuo atakiweza kile kifungo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, vidole vya msichana havishindwi na kifungo. Tundu nikalibana hasa, kwa kuamini kwamba atakuja.

Siku ya gwaride mimi husimama pembeni ya uwanja na sindano na uzi, kwa ajili ya vifungo vinavyokatika. Familia zilikuwa zimekaa kwenye viti, zinanukia marashi, simu juu tayari kwa picha. Kiti kimoja cha mbele kilikuwa kitupu. Ikafika zamu ya Nanga. Mkuu wa kambi akamvisha bega la kulia, akarudi nyuma. Mshereheshaji akasema, "Familia." Hakunyanyuka mtu. Akarudia kwenye kipaza sauti, mpumbavu yule, "Familia ya Kamanda, tafadhali!"

Asipotokea mtu, mkuu huvisha mabega yote mawili, na hakuna ofisa anayetaka kuonekana hivyo mbele za watu. Nanga akageuza shingo, akaniona.

"Dada fundi," akasema, "naomba unisaidie bega."

Nikaenda, sindano bado imechomekwa kifuani. Cheo kikapita. Kifungo kikakataa. Vidole vyangu vimekomaa kwa miaka ya mkasi, na tundu nimelibana mwenyewe. Nasukuma, kinateleza, nasukuma, kinateleza. Jasho lilinitoka, nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe.

"Taratibu, dada," akaninong'oneza. "Usiharakishe."

Nikasema moyoni, masikini, ananionea huruma. Nikainua uso nimshukuru. Wala hakuwa ananitazama mimi. Macho yake yalipita juu ya kichwa changu, yalikuwa getini, na getini hapakuwa na mtu bado.

Kifungo kikaingia palepale, nilikisikia kwa kidole. Sikutoa mkono. Nikaendelea kuhangaika na kifungo kilichokwisha kufungwa, nakipinda huku, nakipinda kule, watu wakaanza kucheka chinichini, fundi gani huyu anashindwa na kifungo. Nikawaacha wacheke. Nilihangaika nacho mpaka mkuu wa kambi akakohoa.