Sanduku la Pumzi la Apolinaria

TABORA, Oktoba 1976

Saa tatu asubuhi, Alhamisi, Apolinaria Sylvester anachomoa waya ukutani, anasubiri feni inyamaze, kisha anapiga magoti mbele ya sanduku la bati kama mtu anayeanza rozari. Hasali. Anafungua skrubu nne kwa kisu cha mezani kilichokatika ncha.

"Kwanza uchomoe," anasema bila kumtazama mwandishi. "Hata uwe na haraka namna gani, uchomoe. Mimi nilishawahi kurushwa na umeme mpaka kwenye kabati, na kabati lenyewe nusura liniangukie."

Wavu wa mbele unatoka. Nyuma yake kuna fremu ya mbao iliyovalishwa kitambaa ambacho wiki iliyopita kilikuwa cheupe. Sasa kina rangi ya barabara ya Isikizya wakati wa kiangazi. Apolinaria anakileta puani. Anakinusa pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, bila kuruka hata moja.

"Vumbi tupu," anatangaza, na uso wake unakunjuka. "Leo tuko salama."

Sanduku hilo, kubwa kidogo kuliko debe la mafuta, ni mashine ya kusafisha hewa. Feni iliyo ndani huvuta hewa ya chumbani, huipitisha kwenye kichujio, kisha huirudisha ikiwa imeacha vumbi na moshi njiani. Mwandishi aliuliza huku na huko mjini kama kuna jingine la aina hii, na wengi walidhani anaulizia redio. Katika nyumba hii ya mtaa wa Ng'ambo, yenye mlango wa nakshi na kuta nene zilizojengwa enzi za misafara ya kwenda Ujiji, huitwa sanduku la pumzi.

Jina hilo alilitoa Saleha, mtoto wa miaka tisa, mwenyewe hasa wa chumba hiki. Saleha ana pumu tangu akiwa na miaka mitatu. Vumbi likizidi, kifua chake hupiga filimbi, na nyumba nzima huacha kula.

Apolinaria ana umri wa miaka thelathini na minne. Ni mfanyakazi wa nyumbani kwa mshahara wa shilingi mia na themanini kwa mwezi, pamoja na chakula cha mchana. Hupika, hufua, hufagia. Hizo ni kazi ambazo wengi wanaziweza. Ya sanduku ndiyo iliyompa jina mtaani, Mama Hewa, ingawa yeye mwenyewe husema jina hilo halimnunulii hata kiberiti.

Kazi hii aliianza kwa mhandisi mmoja wa reli, mgeni, ambaye mke wake alikuwa na ugonjwa huo huo. Mama yule alimfundisha kufungua, kufuta na kufunga. Walipoondoka mwaka 1971 waliuza vyombo vyao, na Bwana Thabit, baba yake Saleha, muuzaji katika duka la ushirika, akalinunua sanduku.

"Alilibeba mpaka hapa, akaliwasha, likapiga kelele, akaogopa," anasimulia Apolinaria huku akicheka. "Akarudi kuniuliza linanyamazishwaje. Basi tukaja wote wawili, mimi na sanduku. Sijui alimnunua nani."

Anatoa kichujio na kukipeleka uani. Hukikung'uta akiwa ameupa upepo mgongo, hukifua kwa kipande cha sabuni ya mche, hukianika kivulini. Kikirudi na unyevu, pamba ya ndani huota ukungu, na ukungu ni mbaya kuliko vumbi. Kwa sababu hiyo ana viwili, cha kuvaa na cha kufua, kama sare ya shule. Mapanga ya feni huyafuta kwa kitambaa kikavu, na ekseli huipa tone moja la mafuta ya cherehani.

"Likinguruma kama paka, ni zima," anasema. "Likipiga mluzi, lina njaa ya hewa. Mimi hulisikia nikiwa jikoni."

Vichujio vilivyotoka ng'ambo pamoja na sanduku vilikwisha Februari mwaka huu. Bwana Thabit aliandika barua mpaka Dar es Salaam. Jibu lilikuwa kwamba vipuri vya namna hiyo haviagizwi, fedha za kigeni ni za mambo makubwa zaidi.

Apolinaria hakulalamika. Alinunua mita mbili za merikani, kitambaa cha pamba, akaomba pamba iliyochambuliwa, akashona tabaka mbili za kitambaa na pamba katikati.

"Redioni wanasema tujitegemee," anaeleza. "Mimi nikaanza na kichujio."

Merikani ndiyo nguo iliyopita Tabora miaka mingi kabla ya reli, ikitoka pwani mabegani mwa wapagazi. Bibi Fakhria, mama yake Bwana Thabit, mjane wa miaka sabini na mwenye ulimi mwepesi, hulikumbuka hilo kila aonapo kamba ya kuanikia.

"Babu zake waliibeba, babu zangu waliiuza," anasema Bibi. "Leo mjukuu wa mpagazi anaifua nyumbani kwa mjukuu wa mwenye duka."

"Na mjukuu wa huyo mjukuu anapumua," anajibu Apolinaria, na wote wawili wanacheka. Ni mzaha uliozoeleka humu ndani. Kati ya Machi na Julai hakuna aliyekuwa na hamu nao.

Kichujio kipya kilipowekwa, Saleha alianza kuugua kila Ijumaa. Jumatatu mzima, Jumanne mzima, Jumatano anaruka kamba. Alhamisi Apolinaria anabadilisha kichujio, anaondoka alasiri kwenda chumba alichopanga mtaa wa Kitete. Asubuhi ya Ijumaa anarudi na kumkuta mtoto ameketi kitandani, mabega juu, midomo imepauka.

Hata asiyejua hesabu angejumlisha. Bwana Thabit alijumlisha.

"Aliniambia bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi," anasema Apolinaria. "Akasema, 'Apolina, kila ukilishika sanduku mtoto anaugua. Labda kitambaa chako hakimfai.'"

Barua nyingine ilikuwa imekwishafika, hii ikitoka Muscat. Hilali, mdogo wake Bwana Thabit, aliyehamia huko miaka mitatu iliyopita, alikuwa tayari kumchukua Saleha. Huko kuna hospitali, aliandika, na mashine za kila aina. Bwana Thabit akaamua kwamba hali isipobadilika, baada ya Idi mtoto atasafiri.

Bibi Fakhria alilia siku tatu. Apolinaria, aliyemlea Saleha tangu ana miaka minne, alilia pia, ila kwake Kitete, kwa sababu, anasema, ya kazini huliliwa nyumbani.

Kisha akafanya kosa ambalo leo analisimulia akijipiga kiganja kwenye paji la uso. Aliongeza bidii. Akafua mara mbili, akaongeza tabaka la pili la pamba, sanduku likaanza kupiga mluzi. Ijumaa ikawa mbaya zaidi.

Mwanzoni mwa Julai akajaribu jambo jingine. Akahamisha siku ya kubadilisha kichujio kutoka Alhamisi kwenda Jumatatu, bila kumwambia mtu. Jumanne Saleha akaamka mzima. Ijumaa akaugua kama kawaida.

"Hapo ndipo nilipopumua mimi," anasema. "Nikajua si kitambaa changu. Ni siku. Alhamisi ina jambo lake, na jambo hilo linakuja nikiwa nimekwishaondoka."

Alhamisi iliyofuata hakwenda Kitete. Alibaki uani akijifanya anachambua mchele ambao ulikwishachambuliwa. Adhana ya magharibi ilipokwisha, akamwona Bibi Fakhria akitoka sebuleni na chetezo mkononi, makaa yanawaka, ubani unafuka. Bibi akaingia chumbani kwa Saleha. Akakiweka chetezo mbele kabisa ya sanduku, akaketi, akaanza kumwombea mjukuu wake dua.

Nyumba hii imefukizwa ubani kila usiku wa kuamkia Ijumaa tangu ilipojengwa. Zamani chetezo kilikaa sebuleni. Sanduku lilipovalishwa merikani, Bibi hakuipenda harufu yake ya sabuni ya mche, na aliona mtoto hana nafuu. Akakisogeza karibu.

"Nilidhani sanduku litaisambaza ile harufu njema, na dua pamoja nayo, chumba kizima," anaeleza Bibi mwenyewe, na sauti yake inashuka. "Nilikuwa namtibu."

Moshi ule ulivutwa wote ndani. Utomvu wa ubani ukaganda kwenye pamba, hewa ikakosa pa kupita, na kilichobaki kikazunguka chumbani pamoja na mtoto mpaka asubuhi.

Lakini kwa nini Apolinaria, mwenye pua kali namna hii, hakuugundua ubani kwenye kitambaa miezi minne yote?

"Niliusikia," anakiri. "Kila wiki niliusikia. Ila mimi ni Mkatoliki, nimekua na ubani altareni. Kwangu ile ni harufu ya mahali palipo safi. Kitambaa kikinukia kanisa, mimi nafurahi. Nani angeshitaki harufu ya kanisa?"

Kwa hiyo wanawake wawili wa dini mbili, kila mmoja kwa heshima yake, waliuziba mlango mmoja wa hewa.

Kulijua tatizo kulikuwa rahisi kuliko kulisema. Mfanyakazi hamwendei mama wa nyumba akamwambia dua yake inamwumiza mjukuu. Ijumaa asubuhi Apolinaria alichukua sinia la chai, akaweka juu yake vichujio viwili, kisafi na kilichotoka kwenye sanduku. Akampelekea Bibi barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Chai ya namna gani hii?"

"Bibi, naomba uninusie. Pua yangu imechoka."

Bibi alikinusa kisafi. Akakinusa cha pili, akakigusa, kidole kikanata. Akakiweka mapajani.

"Hii ni harufu yangu," akasema. "Apolina, ni mimi niliyekuwa nikimziba pumzi?"

"Si wewe, Bibi. Ni moshi. Na mimi niliusikia nikaufurahia."

Jioni ile Bibi alimweleza mwanawe yote mwenyewe, bila kupunguza. Bwana Thabit alimwita Apolinaria siku ya pili na kumwomba radhi mbele ya mama yake. Apolinaria anasema hakujua aweke wapi macho.

Tangu hapo kila Alhamisi magharibi sanduku huchomolewa na kufunikwa leso. Chetezo hufuka uani, nguo za Ijumaa hufukizwa huko huko, huachwa zipigwe upepo, ndipo huingizwa ndani. Bibi husomea dua yake chumbani kwa Saleha, mikono mitupu.

Ijumaa kumi na tatu zimepita. Saleha ameamka vizuri zote. Aliugua mara moja tu, Jumatano moja ya Septemba walipochoma pori upande wa mashariki na moshi ukalala juu ya mji. Idi imekwisha, na Hilali amepelekewa barua ya shukrani badala ya mtoto.

Saa kumi alasiri kichujio kilichofuliwa kimekauka; kile kisafi kimo sandukuni tangu asubuhi, imebaki skrubu moja. Saleha, aliyerudi shule, anakaza skrubu ya nne mwenyewe, ulimi nje kwa juhudi. Apolinaria anamwachia kisu. "Anayepumua ndiye ajifunze," anasema. "Mimi sitakuwapo milele."

Ana jambo lake pia. Mama yake, Marcelina, anaishi katika kijiji cha ujamaa karibu na Isikizya, walikohamishiwa mwaka 1974 katika nyumba zilizopangwa mstari. Hana umeme. Ana jiko lisilo na dirisha na kikohozi cha miaka miwili.

"Nikifika huwa namsikia akikohoa kabla sijamwamkia 'mwangaluka'," anasema. "Nilikuwa namnunulia dawa. Sasa najua. Moshi huutoi kwa dawa, unautoa kwa tundu. Desemba, shule zikifunga, nakwenda kutoboa dirisha. Mbao nimekwishapata."

Saleha atakwenda naye, siku mbili. Hajawahi kulala mbali na sanduku lake, na hazungumzii kitu kingine wiki nzima.

Bibi Fakhria anatoka sebuleni na kifurushi kidogo, kimefungwa kwa kipande cha merikani kilichobaki. Ni ubani, wa kumpelekea Marcelina.

"Mpe salamu zangu," anamwambia Apolinaria, na kukishikilia kidogo kabla ya kukiachia. "Ila usimpe mpaka dirisha liishe."