Nishani ya Masunga

Msimu ule wa pamba, ua wetu pale Bariadi ulinuka ndimu na majivu. Kila Jumapili mchana Babu alitandika gunia, akamwaga nishani zake na kuzisugua mpaka ukaiona pua yako ndani. Moja aliipata kusini, mpakani mwa Msumbiji, nyingine Uganda, ya tatu aliporudi Msumbiji akiwa ameshaota mvi. Mimi, mjukuu wake wa kike wa miaka tisa, nilikuwa jenerali wa kuku. Niliwaamuru wasimame wima, nao wakanipuuza kama wanangu wanavyonipuuza leo. Ya nne ilifanana kabisa na ile ya Uganda. Hiyo Babu hakuisugua; aliipitishia kidole gumba tu, akairudisha kwenye kitambaa chake. Nilipouliza, alisema ni ya Masunga, kijana wa Sola aliyekuwa chini yake vitani na hakurudi. Babu alikabidhiwa ampelekee mama wa marehemu. Angekwenda pamba ikishauzwa. Mwaka uliofuata, vilevile, pamba ikishauzwa. Basi la asubuhi lingemfikisha kabla ya chakula cha mchana, lakini mzee aliyevuka mito ya nchi za watu huku akimiminiwa risasi, Sola ilimshinda.

Ulimi hauna mfupa, na wangu siku zile haukuwa hata na mlango. Nilimtambia rafiki yangu shuleni kwamba Babu ana nishani nyingi mpaka anawatunzia wenzake, ikiwemo ya Masunga wa Sola. Kumbe rafiki ana shangazi hukohuko. Wiki mbili baadaye mama mmoja mwembamba akaingia uani, vumbi hadi magotini. Wakasalimiana Kisukuma, mwadila kwa mwadila, Babu akimwita mayu, yaani mama.

"Nimesikia unanitunzia kitu cha mwanangu, baba," alisema.

Babu akamkabidhi kile kitambaa kwa mikono miwili. Mama hakukifungua. Aliuliza Masunga alikufaje. Nikasogea nisikie ushujaa, maana hadithi za Babu nilizijua zote, na ndani yake hakuna aliyewahi kukimbia. Babu akasema walishtukizwa, Masunga akavunjika mguu, na yeye, sajenti wake, akakimbia. Alimsikia akiita. Hakurudi.

"Alikuwa anamwita nani?"

"Alianza na mimi, mayu. Baadaye akakuita wewe."

Mama akaifunga nishani kwenye pindo la kanga. Aliponyanyuka alisema polepole, bila hasira, "Mimi nisingemsikia. Sola ni mbali."

Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, wala sikumwona tena akisugua chochote. Zile tatu zimeniangukia mimi, zimefubaa, na sijathubutu kuzigusa. Wenzangu wametawanyika Mwanza na Dodoma; mimi nimebaki hapahapa, safari yangu ndefu ni Lamadi kufuata sato wa ziwani. Wanangu hunicheka kwamba simu ikiita naipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, mikono ikiwa na unga, hata namba nisiyoijua. Enzi zile mtu aliweza kuita, umbali ukaila sauti. Siku hizi hakuna mbali, kwa hiyo hakuna pa kujifichia. Juzi binti yangu alinipigia bila kujua, simu ikiwa mfukoni. Nilisikia hatua zake tu, na upepo. Nilimwita mara mbili, hakunisikia. Nikakaa nayo sikioni, ugali ukiungua, mpaka ikakatika yenyewe.