Bibi Radi Aomba Kura

Siku Theofilo Baptiste alipomwona binti huyo jukwaani mara ya kwanza, watu walikuwa wakimpungia na kumrushia karatasi za chooni. Ndivyo mashabiki wa kalipso, nyimbo za kejeli za Trinidad, mjini Port of Spain wanavyomfukuza mwimbaji asiyewapendeza, na miaka ile mwanamke alifukuzwa hata kabla hajafungua kinywa. Theofilo, mpiga gitaa wa bendi, mtu wa haya aliyezoea kutazama viatu vyake, aliinua macho. Yule binti hakukimbia. Aliokota karatasi moja ndefu, akajizungushia shingoni kama skafu, akamkazia macho aliyeirusha.

"Wewe wa shati la njano," aliimba, "leo mama watoto huko nyumbani atatumia nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Tangu hapo akaitwa Bibi Radi, na Theofilo akawa mpigaji wake kwa miaka mingi.

Radi alizaliwa Morne Zabeth, kijiji cha mlimani ambako wanawake waliteka maji bondeni kwa ndoo, mama yake akiwa mmoja wao. Aliziimba ndoo hizo mpaka wakubwa wakakereka, lakini maji hayakupanda mlima. Mwishowe akasema atagombea ubunge, akalilete bomba mwenyewe.

Chama kilimpokea kwa sharti moja: asiimbe. Eti mbunge ni mtu wa heshima. Wakamvika kofia, wakabandika picha zake hadi kwenye migomba, na chini yake jina la ubatizo, lile la kwenye karatasi ya kura: Ansila Desormeaux.

Hapo mambo yakaharibika. Kwa watu wa kalipso, mwimbaji akishapata jina la jukwaani, la kanisani humezwa. Na kijijini, alikoondoka angali mtoto, walimjua Radi kwa sauti ya redioni tu. Kwenye mkutano wa mwisho, pale Morne Zabeth, mkesha wa uchaguzi, Radi alihutubia kuhusu mabomba huku watu wakipiga miayo. Tanti Merle, mwenye duka, akamwuliza Theofilo huyu mama wa kofia atamaliza saa ngapi, maana wao wamekuja kumsikiliza Radi, na kura yao ni ya Radi.

Theofilo akapiga hesabu. Kesho watu hawa wangelitafuta jina la Radi, wasilione, warudi kwenye ndoo zao. Kusema mbele ya umati hakuweza. Akalichukua gitaa, akapiga ule wimbo wa zamani wa majibizano ya papo kwa papo, ambao mwimbaji akipigiwa hana ruhusa ya kunyamaza. Katibu wa chama alimvuta shati. Yeye akazidi kupiga.

Radi alikata hotuba katikati. "Theo, unanitafutia balaa," akasema, akavua kofia.

"Radi hana kura, Radi ni ngoma ya mawingu,
Wekeni alama kwa Ansila, hilo ndilo jina langu!"

Uwanja ukaitikia "Ansila!" mpaka mbwa wakabweka. Tanti Merle alipiga sufuria kwa mwiko. Hata wafuasi wa mpinzani walicheza kabla hawajakumbuka walikuja kuzomea.

Akashinda, na wa kwanza kumkumbatia alikuwa yule katibu.

Radi aligombana bungeni miaka kadhaa kabla bomba halijapanda mlima, na lilipofika yeye alikuwa amelazwa hospitali mjini. Maji yalifunguliwa mlangoni pa duka la Tanti Merle. Theofilo akampigia Radi kwa simu ya dukani, akaanza kumsimulia kwa kigugumizi jinsi watu walivyofurika, waziri na mkasi wake wa kukata utepe, wanawake wanavyosukumana kwenye foleni. Hakujua kwamba hawatazungumza tena. Radi alimkatiza kwa sauti ileile ya jukwaani.

"Theo, acha maelezo. Sogeza simu kwenye bomba, nisikie mwenyewe."