Kisogo cha Kukhu

Nilipokuwa bado wa kulalia godoro la sakafuni, pale mtaa wa Jericho, Nairobi, miaka ya tisini, nyanya yangu aliyemzaa Mama alikuja kutoka Bungoma kuishi nasi. Sisi Wabukusu nyanya tunamwita Kukhu. Kila chakula kilipopakuliwa, Kukhu aligeuza kigoda chake akatazama ukuta, akala vivyo hivyo mpaka aliposikia sahani zinakusanywa. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja na jikoni, kumkwepa mtu humo ilikuwa kazi. Yeye aliiweza.

"Huyu shosho habambiki na sisi ata kidogo," kaka yangu Wafula aliniambia tukienda kuchota maji. "Si umecheki vile hutupea mgongo?"

Nilikuwa nimecheki, na iliniuma. Jina langu, Nekesa, ni lake. Nilidhani mtu hawezi kumchukia aliyerithi jina lake, lakini ushahidi ndio huo, kisogo asubuhi na jioni. Nilitaka anitazame, basi.

Siku moja mchana nikabeba ugali wangu na dagaa wa omena, nikajipenyeza kati ya kigoda na ukuta, nikatafuna huku nimemkazia macho. Kukhu alijifunika uso kwa leso.

"Mtoe mtoto!" alimlilia Mama. "Mtoe hapa, nimeshamwona!"

Kabla jua halijazama tumbo lilikuwa limenivimba, natapika hovyo. Kesho yake Kukhu alifunga mzigo wake akarudi Bungoma, na hata kuniaga hakuniaga. Nililia kuliko nilivyolilia tumbo.

Hapo ndipo Mama aliponieleza. Kwetu kuna watu wanaosemekana kuwa na jicho baya: wakimtazama mtoto akila, anaugua. Hawakuliomba, wala hawana chuki na mtu. Kabla ya Mama, Kukhu alikuwa amezaa mvulana. Akawa anamlisha uji, anamtazama, anamsifu anavyokula vizuri, na mtoto akaugua ghafla akafa. Watu wakasema ni jicho la mama yake.

"Na yeye akakubali," Mama alisema. "Hata mimi hajawahi kuniona nikila."

Nilipokuwa karibu kumaliza sekondari, Kukhu alipatwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mama akamrudisha Nairobi. Daktari alisema ni upasuaji mdogo tu, ataona tena. Kukhu akakataa katakata. Mama alimbembeleza, akamkasirikia, akalia. Wafula alicheka, akasema mzee anaogopa kisu.

Jioni hiyo Mama alipopakua chakula, Kukhu alipapasa mpaka akafika mezani, akakaa ametuelekea.

"Nekesa yuko wapi? Kaa hapa mbele yangu. Kula, mama."

Nikala. Aliyaelekeza macho yake meupe mdomoni mwangu, akaniwekea kiganja shavuni asikie linavyotafuna. Alikuwa anatabasamu. Mama aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Jicho baya mimi siliamini. Nina watoto sasa, na lile tumbo nadhani zilikuwa omena, ingawa wenzangu walikula zile zile na hawakupata lolote. Lakini siwezi kumwita Kukhu mjinga. Nilidhani namjua aliponigeuzia kisogo, nikadhani namjua zaidi Mama aliponisimulia. Mara zote mbili nilikuwa nimeridhika haraka mno. Sikuwahi kumwuliza kwa nini alikataa ule upasuaji. Huenda Wafula alisema kweli, kisu kilimtisha.

Aliishi nasi hadi alipofariki, na hakuna hata siku moja alipokosa kukaa nasi mezani. Wageni walimwonea huruma kwa upofu wake, nasi tuliitikia kwa adabu. Moyoni nilijua kwamba sijawahi kumwona mtu akifurahia mlo wa wengine namna ile.