Mashine ya Mwani Kwenye Bwawa la Kibwezi

Hii aibu ningeificha mpaka kaburini, ila najua mtaisikia tu sokoni Kibwezi, na huko wanaisimulia vibaya (wanasema nililia nikimwita mama yangu, kulia nililia, lakini mama sikumwita).

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Natengeneza mageti, rukwama, na mashine za kuchambua mkonge zikiharibika. Siku moja aliingia mama wa Pwani anayeitwa Bi Mishi, binti yake ameolewa hapa mjini, akasimama akitazama mashine ya mkonge inavyovuta majani, kisha akanieleza shida yake. Yeye na wenzake wanalima mwani, wanaufunga kwenye kamba baharini. Zamani walilima pale maji yanapofika magotini, lakini siku hizi jua likiwaka maji ya hapo yanakuwa moto na mwani unaoza kwenye kamba, kwa hivyo wanataka kuhamia kwenye kina, na huko kamba ikishajaa mwani haivutiki kwa mikono ya wanawake. Alitaka mashine ya kuelea, ya kuvuta kamba.

"Lakini fundi, bahari unaijua?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningesema ukweli tu, kwamba mimi ni Mkamba wa Kibwezi na maji mengi niliyowahi kuingia ni ya karai. Lakini mke wangu alikuwa amesimama pale, nikaona haya, nikajibu, "Bahari? Mimi nimekulia Mombasa, Bi Mishi. Naogelea kama samaki." (Mombasa nilienda mara moja kutafuta injini kuukuu, na bahari niliiona kwa dirisha la basi.) Mke wangu aliniangalia toka kichwani hadi miguuni.

Nilifanya kazi hiyo mwaka mzima. Nilifunga mapipa manne chini ya jukwaa la vyuma, nikaweka winchi ya kuvutia kamba juu, na injini nikaiazima kwa baba mkwe, ile ya pampu anayomwagilia nyanya. Mwani sikuwa nao, kwa hivyo nilijaribu nchi kavu, kamba nimeifunga majani ya kunde, na ikavuta vizuri mpaka nikaanza kujiona injinia.

Siku ya kuonyesha, Bi Mishi alikuja na wenzake watatu kwenye silanga letu, bwawa ambalo akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, walilichimba pamoja kwa majembe, na akina mama hao wote walikuja, na mchungaji, na baba mkwe amevaa koti. Tulikuwa tumezamisha kamba yenye magunia ya mchanga badala ya mwani. Bi Mishi akanipa jaketi la kuelea. Sasa nitalivaaje mbele ya watu, na nimesema mimi ni samaki? Nikamrudishia. Nikapanda kwenye mashine, nikasukumwa nayo mpaka katikati, nimeikumbatia winchi nikijifanya naikagua.

Gunia la kwanza likapanda, watu wakapiga makofi. La pili likapanda, akina mama wakapiga vigelegele, nami kwa kiburi nikaongeza moto. Kumbe la tatu limenasa kwenye kisiki cha mgunga huko chini! Kamba ilikataa kuja, kwa hivyo mashine ndiyo iliyoenda, upande mmoja ukainama ukazama, injini ya baba mkwe ikakohoa ikanyamaza, na mimi nikateleza ndani ya maji.

"Ngai wakwa! Nakufa! Niokoeni, sijui kuogelea!"

Nilimeza matope, nikarusha mikono, nikawaaga watoto wangu kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Halafu mtu akanishika kola. Alikuwa Bi Mishi, ameingia na leso zake, na maji yamemfika kiunoni.

"Simama," akaniambia. "Fundi, simama tu."

Nikasimama.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mchungaji aligeuka akajifanya anaangalia vilima. Baba mkwe alikuwa anaangalia pale injini ilipozamia. Bi Mishi peke yake hakucheka, na hilo ndilo linaloniua hadi leo. Aliketi ukingoni akikamua leso, akasema polepole, "Huku unasimama. Kule ninakotaka kuwapeleka wenzangu hakuna pa kusimama. Mimi mwenyewe naogopa kina, ndiyo maana nilikuja kwako. Ungeniambia nawe unaogopa, tungetengeneza mashine ya watu wanaoogopa."

Akanipa mkono, akaenda zake.

Nimempigia simu mara nyingi nimwambie kwamba kasoro sasa naijua, kwamba winchi inafaa iachie yenyewe kamba ikinasa. Hapokei. Binti yake aliniambia kuwa bado wanalima kwenye yale maji ya moto, na msimu huu kamba nyingi zimetoka tupu. Nimeapa sitasema tena kwamba najua nisichokijua. Nimeapa kweli, mbele ya mke wangu na mbele ya Mungu, lakini kiapo changu hakimvutii Bi Mishi hata kamba moja.