Nilivyomkamata Mwizi wa Pikipiki Yangu Mbalizi

Hili jambo nimelikalia kimya karibu mwaka mzima, na hata sasa ninapolisimulia nasikia masikio yanapata moto, lakini kwa kuwa watu wa Iyunga wameshaanza kulisimulia kwa namna yao (kuna wanaosema nilimpiga mtu, na mimi sikumgusa mtu hata kwa kidole), bora mlisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Mimi ni Mhehe wa Ilula, Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa na tunaishi hapa Iyunga, Mbeya. Nina duka la chakula cha kuku kando ya barabara kuu, na nina pikipiki nyekundu ninayopelekea wateja mifuko, naiendesha mwenyewe, sketi nimeikunja na suruali ndani. Mume wangu Lusajo anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, dakika kumi kwa mguu kutoka dukani, na ile mashine ikishawaka husikii hata radi, sembuse simu.

Sasa kukatokea wimbi la wizi. Pikipiki ya jirani ikaondoka mchana kweupe akiwa ndani anakunywa uji, wiki iliyofuata ikaondoka ya mwalimu, na mimi usingizi ukanipotea. Nikaenda kwa fundi mmoja kijana, akanionyesha kidubwasha kinacholingana na kiberiti, kinafichwa chini ya siti, kina laini yake ya simu, pikipiki ikiwashwa kinakutumia meseji, ukifungua simu unaona kwenye ramani pikipiki yako ilipo, na kubwa kuliko yote ukikitumia meseji ya namba fulani kinazima injini, mwizi anabaki amekalia chuma. Alipomaliza kufunga akaniambia maneno ambayo natamani asingeyasema.

"Mama, usimwambie mtu. Hata baba watoto. Wizi mwingi unaanzia ndani."

Akaongeza na lingine, kwamba nisizime injini wakati pikipiki iko kwenye mwendo, nisubiri isimame. Hilo la pili liliingia sikio hili likatokea lile. La kwanza nililipenda kweli. Nyumbani nikamwambia Lusajo nimebadilisha betri, akaitikia, mimi nikajiona mjanja kuliko Mbeya nzima, nikawa nafungua simu kila baada ya nusu saa kuitazama kwenye ramani pikipiki iliyoegeshwa hatua tano kutoka nilipokaa.

Ikafika Jumamosi moja ya manyunyu. Njia ya kutoka nyumbani ilikuwa tope tupu, nikaamua kwenda dukani kwa miguu na pikipiki nikaiacha uani. Saa nne asubuhi nampimia mteja pumba, simu ikalia meseji. Pikipiki imewashwa. Nikafungua ramani, kale kaalama kanatoka uani kwangu, kanafika barabara kuu, kanashika njia ya Mbalizi.

Nilimpigia Lusajo mara tatu, simu inaita mpaka inakata. Watoto walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nyumbani hakukuwa na mtu. Na hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, maana ningetembea dakika kumi mpaka kwenye mashine nikamuuliza mume wangu, mambo yote yangeishia pale. Lakini kaalama kanakimbia, mimi nimesimama na kipimo cha pumba mkononi, nikaona dakika kumi ni nyingi, nikavuka barabara nikaenda kijiwe cha bodaboda.

Mwenyekiti wao anaitwa Shadrack, mtu mpole, ananibebea mifuko siku nikizidiwa. Nikamwonyesha simu. Akaitazama kidogo tu, akauliza rangi na namba, kisha akaiweka simu yake mdomoni akawatumia wenzake wa Mbalizi sauti.

"Kuna nyekundu inakuja huko, ya wizi, mwenye mali tuko naye. Mzuieni."

Nilisikia raha, siwafichi. Nikapanda nyuma yake, pikipiki nyingine tano zikatufuata zikipiga honi, watu wanatoka madukani kuangalia, na mimi katikati yao nimeshika simu kama bendera. Tulipoukaribia mteremko wa kuelekea Mbalizi nikaona kaalama kako mbele yetu kama kilomita mbili, kako palepale mteremkoni, nikasema moyoni huyu akifika sokoni atapotelea kwenye watu. Nikaandika ile meseji ya kuzima injini. Nikaituma.

Ilipoondoka tu ndipo sauti ya fundi ikanirudia. Isiwe kwenye mwendo. Na pale mteremkoni malori ya mizigo ya Tunduma yanashuka yamefuatana, breki zinanuka, kila mtu wa Mbeya anajua yaliyowahi kutokea pale. Nikaikodolea macho ramani. Kaalama kakasogea kidogo, kakasimama. Sikujua kimesimama kitu gani, ni pikipiki na mtu wake au ni pikipiki peke yake. Nilikuwa nimeomba mwizi akamatwe, sasa nikaanza kuomba mwizi awe mzima.

"Kimezima," nilimwambia Shadrack.

Simu yake ikaita, akapokea huku anaendesha, akasikiliza. "Wanaye," alisema.

Tulipofika watu walikuwa wengi, sijui hamsini, sijui zaidi. Pikipiki yangu imeingia mtaroni, tope mpaka kwenye taa, lakini imesimama wima, na kando yake amesimama mtu mrefu mwenye koti refu jeusi na helmeti yenye kioo cheusi iliyomfunika uso wote. Koti limechanika begani. Mkono mmoja unatoka damu. Nyuma ya siti kulikuwa na kiroba, na kijana mmoja alikuwa anakikata kamba huku anasema humo ndimo kuna vifaa vya kuvunjia makufuli. Kiroba kikafunguka. Yakatoka maparachichi, yakabingirika mpaka barabarani, lori likapita juu yake.

Nikashuka, nikasukuma watu, nikafika mbele. Yule mtu aliponiona akageuka haraka akanipa mgongo.

"Si mnaona," mtu akasema. "Anamkwepa mwenye mali."

Mwanamume mmoja mnene aliyeshika fimbo akamwamuru ageuke. Hakugeuka. Akaulizwa pikipiki ya nani, hakujibu. Nilipozunguka ili nimwone, naye akazunguka, tukawa kama watu wawili wanaocheza ngoma, na kila alivyozidi kunigeuzia mgongo ndivyo watu walivyozidi kuwaka. Mimi, kwa kinywa changu hiki, nikanyoosha kidole nikasema, "Huyo huyo. Msimuachie."

Fimbo ikampata begani. Nyuma yangu mtu akauliza petroli iko wapi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi mezani. Nilitaka pikipiki yangu. Sikuja kuona mtu akichomwa. Nikajaribu kusema ngojeni, nadhani hata mwenyewe sikuisikia sauti yangu.

Aliyesikika ni mama mmoja muuza ndizi, kaacha beseni lake, kaja kusimama mbele ya yule mtu, kafungua mikono.

"Mvueni hiyo helmeti kwanza," alisema. "Mnataka kuua mtu hamjamwona sura?"

Wakamvua kwa nguvu. Nywele nyeupe. Uso uliokunjamana, mdomo umebana, macho anayatazama chini. Kisha kwa bahati mbaya akayainua, yakakutana na yangu, na mimi nikaanguka magotini kwenye tope, nikavuta kitenge nikajifunika kichwa chote.

Alikuwa baba mkwe wangu.

Hapa niwaeleze, kwa wasiojua. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akiingia unatoka, mkikutana njiani unaacha njia na kujifunika, humpi chakula mkononi, na jina lake halitoki mdomoni mwako mpaka unakufa. Siku hizi wengi wameshaacha, lakini mzee wangu hakuacha, na mimi Mhehe niliyekuja kuolewa niliishika mila hiyo kuliko wenyeji, maana mgeni ndiye anayeogopa kukosea. Miaka tisa ya ndoa sikuwahi kumtazama usoni, sura yake naijua kwa picha iliyo ukutani kwetu. Akija kutoka Rungwe anafikia kwa dada yake, shangazi wa mume wangu, hapo hapo Iyunga, na asubuhi ile alikuja mimi nimeshatoka, akamwomba Lusajo pikipiki aende Mbalizi kumwona rafiki yake mgonjwa, Lusajo akampa ufunguo akaenda kazini. Ndiyo maana alinigeuzia mgongo. Alikuwa ananistahi.

Lakini watu hawakujua. Walimwona mzee kanyamaza na mwanamke kaanguka.

"Mama Ipyana, vipi?" Shadrack aliniinamia. "Unamjua?"

"Mkwe wangu."

"Sema kwa sauti."

"Ni baba mkwe wangu," nilisema ndani ya kitenge. "Mwachieni."

Yule mnene hakuridhika. "Kama ni mkwe wako anaitwa nani?"

Nikazidi kukivuta kitenge usoni.

"Anaitwa nani?"

Jina nalijua, ila ndilo lile lisiloruhusiwa kutoka mdomoni mwangu. Wakamgeukia mzee, wakamuuliza huyu mama ni nani kwako, naye akatazama upande wa milimani akasema, "Muulizeni mwanangu." Mwanaye yuko wapi? Kwenye mashine, hapokei simu. Manung'uniko yakaanza upya. Mtu akasema hawa lao ni moja, mwingine akasema mzee kamroga huyu mama, si unaona alivyoanguka, na nikaona kwa chini ya kitenge miguu inasogea, inambana mzee kwenye tairi la pikipiki yangu. Mama muuza ndizi akaguta, amesukumwa.

Nikafunua uso. Nikasimama. Nikamtazama mzee na nikalitaja jina lake, la kwanza na la ukoo, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Yeye alifumba macho, kama mtu aliyechomwa sindano.

"Kitambulisho kiko wapi, mzee?" Shadrack aliuliza. Akakitoa kwenye mfuko wa koti kwa ule mkono wenye damu, wakasoma, jina lile lile. Mnene akatazama fimbo yake, akaishusha, baada ya muda sikumwona tena. Ndivyo lilivyo kundi la watu, lilinyauka pole pole, kila mtu akakumbuka alikokuwa anakwenda, na hakuna hata mmoja aliyesema pole. Wachache waliobaki wakaokota maparachichi yaliyopona. Wengine wakaondoka nayo.

Pikipiki haikuwaka. Ilitakiwa itumiwe meseji nyingine ya kuifungua, nikakosea namba mara nne, Shadrack akaninyang'anya simu akaandika yeye. Mzee hakutaka hata kuigusa. Akapanda bajaji na yule mama muuza ndizi, aliyempeleka zahanati kufungwa jeraha, na mimi nikasukuma pikipiki kwa miguu kupanda mlima, sikutaka kubebwa na mtu yeyote wala kuangaliwa na mtu yeyote.

Jioni Lusajo aliniuliza jambo moja tu. "Kwa nini hukuniambia umeifunga?"

"Kwa nini hukuniambia umempa?"



Kikao kikaitwa. Baba yangu mzazi akatoka Ilula na mbuzi wa kuombea radhi, basi likaharibika Igawa, akafika alasiri amechoka na mbuzi amechoka kuliko yeye, na muda wote huo mimi nimekaa jikoni kwa shangazi nasikiliza wazee wakikohoa sebuleni. Baba aliongea vizuri. Aliomba radhi kwa ajili ya fimbo, kwa ajili ya helmeti, kwa ajili ya jina. Kisha nikasikia sauti ya mzee chini chini, na shangazi akaja mlangoni kuniletea maneno yake, maana moja kwa moja hawezi.

"Anasema injini ilipozima lori lilikuwa nyuma yake. Anasema ameendesha pikipiki tangu alipokuwa bwana shamba, ndiyo maana aliwahi mtaro. Mtu mwingine angekufa."

Nikaitikia kwa kichwa. Nililia bila sauti, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa linaniamsha usingizini, na nilidhani ni mimi peke yangu ninayelijua.

"Na anasema," shangazi aliendelea, na nikaona anajizuia kutabasamu, "jina lake ulilitaja vizuri, hukukosea. Anasema asante. Ila basi, usirudie."

Mbuzi akapokelewa.

Kile kifaa bado kiko chini ya siti, sikukitoa, na ukoo mzima unajua kipo, hata mzee akitaka pikipiki sasa anamtuma shangazi aje kuniambia, naye ananitajia mpaka njia atakayopita mzee. Wizi haujaisha na sitawadanganya kwamba siogopi. Lakini nimeapa, na kiapo hiki nimekiapa nikiwa na akili timamu, kwamba mimi sitamnyooshea tena mtu kidole mbele ya watu kabla sijauona uso wake, hata kama ni uso nisioruhusiwa kuutazama.